Mchana Bibi Aliposema Hana Kiu

Wiki ile joto lilikuwa halipumui. Hata usiku upepo uligoma, na feni ilisukuma hewa moto kutoka kona moja ya chumba hadi nyingine. Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kimya kuliko kawaida yake.

"Bibi, nikuletee maji?"

"Sina kiu, mjukuu wangu."

Nilimwuliza tena baada ya muda, akanijibu vilevile, kwa upole. Watu wengi husema wazee ni wabishi kwenye suala la maji. Bibi hakuwa anabisha. Kiu kweli hakuisikia, na hilo ndilo linalonitia hofu mpaka leo kila jua linapokuwa kali.

Alasiri akaniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Akaniuliza kama mifugo imesharudi. Nilipiga magoti mbele yake, nikaona midomo imepasuka na ulimi umekauka, mate yakinata kwenye pembe za mdomo alipojaribu kusema. Tangu asubuhi alikuwa amekwenda haja ndogo mara moja tu.

Nikamkimbilia jirani yetu ambaye ni muuguzi. Alipofika alinikuta nimemfinya Bibi ngozi ya mgongo wa mkono, nikitazama ile mikunjo inavyochelewa kurudi, nikiona ni dalili ya kupungukiwa maji mwilini. Akaniambia niache, ngozi ya mzee huchelewa kurudi hata akiwa mzima. Tazama mdomo, tazama mkojo, tazama akili yake, alisema. Kipimajoto kilionyesha chini kidogo ya 38. Kingefika 40 naye amechanganyikiwa namna ile, tungekuwa tunazungumza habari ya kiharusi cha joto, yaani mwili kuzidiwa na joto hadi kushindwa kujipoza. Hata hivyo alitaka apelekwe hospitali, na mtu mmoja akaenda kutafuta gari.

Kwa kuwa Bibi bado aliweza kumeza vizuri, hatukukaa tu kungoja. Muuguzi alipima lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, si vya kujaza kilima. Nilidhani sukari ni ya kuondoa ladha ya chumvi. Kumbe ndiyo inayosaidia utumbo kufyonza chumvi, na chumvi ikipita, maji huifuata. Akanionya nisizidishe chumvi hata kidogo.

Nikawa namnywesha kwa kijiko. Kijiko, nasubiri koo lipande na kushuka, kijiko kingine. Mengine yalimtiririkia kidevuni nikamfuta kwa kanga yake. Muuguzi akalowesha kitambaa, akampitishia shingoni na kwapani, feni ikimpiga, maana maji yanapokauka juu ya ngozi huondoka na joto, kama jasho lifanyavyo. Gari lilipofika, Bibi alikuwa ameshika kikombe mwenyewe, ingawa bado alikuwa ananiita kaka.

Hospitalini alitundikiwa dripu. Daktari aliomba kuona dawa zake, akakitoa kidonge kimoja cha presha na kukiweka kando: kazi yake ni kutoa maji mwilini kupitia mkojo. Kwa mtu wa umri ule, alieleza, figo haziwezi tena kubana maji kama zamani, na ubongo huchelewa kuamsha kiu. Ukiongeza joto na kidonge kile, maji yanatoka huku na huku wala hakuna kengele inayolia. Akapunguza dozi, akatuandikia kiasi cha maji cha kila siku, kwa sababu moyo wa Bibi usingehimili kunyweshwa ovyo pia.

Kesho yake asubuhi aliniita kwa jina langu, akaniuliza kwa nini sijalala.

Tangu hapo simwulizi kama ana kiu. Nampa kikombe anapoamka, anapomeza dawa na kila anapokula, nami nakaa pale mpaka akimalize.