Chujio la ruta halipandi ghorofani

Nyumba za mawe za Mkomani, Lamu, zina kuta nene za matumbawe, na waifai haipenyi. Ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai, ikiwa ukumbini chini, mtoto aliye ghorofani anapata mtandao wa kusuasua au hapati kabisa. Basi anawasha data. Hapo chujio la kuzuia tovuti chafu ulilolipanga kwenye ruta umeliacha chini, kwa sababu simu sasa inapitia laini. Ndiyo maana chujio la kwanza linafaa liwe ndani ya simu yenyewe, tena halina gharama.

Simu za Android 9 na kuendelea zina sehemu ya DNS ya Faragha. Fungua Mipangilio, ingia upande wa mtandao na intaneti (kwenye Samsung ni upande wa miunganisho, kisha mipangilio zaidi), gusa DNS ya Faragha, chagua pale pa kuandika jina la mtoa huduma, uandike family.cloudflare-dns.com, halafu uhifadhi. Kabla ya kufungua tovuti yoyote, simu huulizia anwani yake kwa DNS. DNS hii ikiulizwa tovuti ya picha chafu au ya virusi, haitoi anwani, iwe mtoto yuko kwenye waifai au kwenye bando. Kuijaribu huna haja ya kufungua uchafu wowote: andika nudity.testcategory.com. Ukurasa ukigoma, mambo yako sawa.

Kosa linaloweza kusumbua ni jina lililokosewa. Herufi moja ikikosewa, simu huweza kuonyesha imeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka, na mwenye simu akadhani bando limekwisha. Rudi uisahihishe. Waifai ya hoteli yenye ukurasa wa kuingilia nayo huweza kugoma. Zima DNS hiyo, ingia, kisha uiwashe tena.

Lakini DNS huzuia tovuti nzima, haioni video mojamoja ndani ya YouTube au TikTok. Mtoto mjanja naye atapakua VPN, programu inayopitisha mtandao kwa njia nyingine, aipite DNS kando. Kwa hilo weka Family Link, programu ya Google ya wazazi, ili kila programu isubiri idhini ya mzazi, na DNS yenyewe uikague kila Ijumaa.

Nyumba nyingi simu ni moja, ya mama, na M-Pesa iko humo humo. Kabla ya kumpa mtoto aangalie katuni, bandika programu. Kwenye mipangilio ya usalama washa kubandika programu, pamoja na kuulizwa PIN kabla ya kubandua. Kisha fungua katuni, nenda kwenye orodha ya programu zilizo wazi, gusa alama ya ile ya katuni, uchague Bandika. Hatatoka humo kwenda WhatsApp. PIN ya kufungulia simu isifanane na ya M-Pesa. Watoto wana macho.

Lisilochujika ni watu. Mfano wa kawaida: mtu anamgawia mtoto almasi za mchezo wa simu wa Free Fire, siku chache baadaye anaomba namba ya WhatsApp, kisha picha, halafu "usimwambie mama". Neno hilo la mwisho mtoto alijue mapema, kwamba akiambiwa hivyo tu, aje aseme. Na akija, usimfokee wala usimnyang'anye simu, maana ndilo analoliogopa, na ndilo mtu yule analotegemea.

Ikishatokea, piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, na uende polisi na simu hiyo. Picha ya utupu ya mtoto usimtumie mtu yeyote, hata mjomba wake ili ajionee, kwa sababu kuisambaza ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018. Ujumbe wa maneno upigie picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, namba na saa. Fanya hivyo kabla ya kumzuia mtu huyo, kwani kwenye programu nyingine ukishamzuia, mazungumzo nayo hupotea.