Kadi, saa na kikombe: chakula cha mchana National Press Club

Kwenye kila meza, pembeni ya chumvi na glasi za maji, huwekwa kadi tupu. Katika shughuli za chakula cha mchana za National Press Club, klabu ya waandishi wa habari ya Washington, Marekani, kadi hizo ndizo kipaza sauti cha ukumbi mzima. Hakuna anayesimama kuuliza. Unaandika swali, kadi inapitishwa hadi meza kuu, na rais wa klabu, ambaye naye ni mwandishi, anamsomea mgeni aliyealikwa kuhutubia.

Klabu hii ilianzishwa mwaka 1908, na ukumbi wake mkubwa uko ghorofa ya 13 ya jengo la National Press Building. Mgeni hupatikana kupitia kamati ya wazungumzaji, na kila shughuli inakuwa na mwanakamati mmoja anayeibeba mwanzo hadi mwisho: barua ya mwaliko, wasaidizi wa mgeni, orodha ya meza kuu, hadi kuchambua kadi. Wakishika watu watatu kazi hiyo, kila mmoja atadhani mwenzake ndiye aliyeuliza kama mgeni ana chakula asichokula.

Ratiba ni ngumu kama ya treni. Chakula saa sita na nusu, hotuba saa saba kamili, mwisho saa nane kamili. Ukali huo umetokana na utangazaji. Kwa miaka mingi redio ya umma NPR ilikuwa ikirusha hotuba hizi mubashara, na televisheni ya C-SPAN ilianza kuzirusha mwaka 1980. Redio haikuwa ikikusubiri umalize pudini. Ndiyo maana menyu ni moja kwa wote: ukianza kuuliza nani samaki nani kuku, nusu saa imekwisha na meza za nyuma hazijaguswa. Kitindamlo na kahawa viwe mezani kabla ya hotuba, na sahani za meza kuu ziondolewe mapema, kwa sababu kijiko kimoja kikigonga sahani karibu na mimbari kinasikika hewani kama nyundo.

Meza kuu hupangwa kwa mstari, mimbari ikiwa katikati, rais upande mmoja na mgeni upande wa pili. Wanaokaa hapo ni mchanganyiko wa waandishi wanaoijua mada na watu waliokuja na mgeni. Rais huwatambulisha kuanzia kulia kwa hadhira, anamruka mgeni, anamtaja mwanakamati aliyeandaa shughuli, halafu ndipo anamrudia mgeni kwa utambulisho kamili. Huwaomba watu wasipige makofi mpaka majina yaishe. Ni ombi dogo, lakini meza ya watu kumi na wawili, kila mmoja akipigiwa makofi ya sekunde tano, imekula dakika nzima. Huwakumbusha pia wasikilizaji kwamba ukumbini kuna watu wasio waandishi, kwa hiyo makofi yasichukuliwe kuwa ni wanahabari wanaomshangilia waziri.

Vipaza sauti vya kila kituo visirundikwe mbele ya mgeni kama shada la maua. Sauti itoke kwenye mimbari hadi kisanduku kimoja cha kugawia, mafundi wachomeke nyaya zao huko nyuma. Kamera nazo zikae juu ya jukwaa lililoinuka, la sivyo mhudumu mwenye birika atakuwa nyota wa habari ya jioni.

Turudi kwenye kadi, maana utamu na uchungu wa mfumo uko hapo. Mgeni akiwa bado anahutubia, rais na mwanakamati wanazisoma kimyakimya. Tano zinauliza jambo lile lile: zinafanywa swali moja. Nyingine ni hotuba iliyojificha, inachujwa ibaki na alama ya kuuliza. Nyingine haisomeki kabisa. Swali lenye vipande viwili likatwe, kwani mwanasiasa mzoefu atajibu kile kipande chepesi na kukisahau kingine. Lile gumu lisiachwe mwishoni. Liulizwe la pili au la tatu, kukiwa na muda wa kumrudia asipojibu.

Faida iko wazi: hakuna mtu wa kung'ang'ania kipaza sauti, na mwoga anauliza sawa na jasiri. Hasara yake ni kwamba kila kitu kinategemea uti wa mgongo wa mtu mmoja. Rais akiwa mpole, mgeni anaondoka amebembelezwa. Na mwenye swali hana nafasi ya kusema, "Samahani mheshimiwa, sikuuliza hilo." Linganisha na klabu ya waandishi wa kigeni ya Tokyo, ambako waandishi huuliza wenyewe. Oktoba 1974 waziri mkuu Tanaka Kakuei alikwenda kula nao, jarida moja la Japani likiwa limetoka kuanika habari za fedha zake. Maswali yakamwandama moja baada ya jingine, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameondoka madarakani.

Tukirudi Washington, waandishi waliokuja kikazi tu hukaa roshani bila kulipia chakula. Roshani hiyo ina historia chungu. Kuanzia mwaka 1955 waandishi wanawake waliruhusiwa kusikiliza hotuba kutokea huko tu, bila kula na bila kuuliza, wakiwatazama wenzao wa kiume chini wakikata nyama. Uanachama walipewa mwaka 1971.

Mgeni halipwi kitu kwa kuzungumza, na wanaokula wananunua tiketi. Kwa sisi tuliozoea shughuli ambayo mwandishi ndiye anasubiri bahasha mlangoni, hapa mambo yamegeuzwa: mwandishi anayetaka kukaa mezani anatoa pesa ndipo amsikilize waziri.

Hatari kubwa kuliko zote ni mgeni mwenye hotuba ndefu. Dakika 25 hadi 30 zinatosha. Akifika 45, maswali yamebaki mawili, na wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi. Dawa ni kuandika dakika hizo kwenye barua ya mwaliko na kuwakumbusha wasaidizi wake asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu akishashika mimbari hakuna wa kumshika koti.

Ikikaribia saa nane, rais husema: kabla ya swali la mwisho. Anatangaza wageni wa wiki zijazo, kisha anamkabidhi mgeni kikombe cha kahawa chenye nembo ya klabu. Kikombe hutolewa kabla ya swali hilo ili shukrani zisikatwe na saa. Swali lenyewe huwa la utani, kuhusu timu yake ya mpira au mpishi wa nyumbani kwake. Watu wanacheka, rais anagonga nyundo kufunga shughuli, na wahudumu wanaanza kukusanya vikombe vya kahawa visivyo na nembo.