Damu kiasi gani?

"Damu ya kawaida, kama mililita 300." Ndivyo nilivyoandika kwenye faili lake, kwa mkono wangu, usiku mmoja wa Julai 2019. Mama wa watoto wanne, amejifungua salama, kondo la nyuma limetoka zima. Nikambadilishia khanga, nikaenda kumpima mtoto uzito. Niliporudi nilimkuta anapiga miayo mfululizo na kuomba maji. Wakunga wenzangu wanajua miayo ile ina maana gani: mama amepoteza damu nyingi. Mapigo 130, presha imeshuka. Tukafungua drip mbili, tukachoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, nikakanda mfuko wa uzazi mpaka mkono ukafa ganzi, na gari la wagonjwa likaondoka naye gizani kwenye zile kona za Lushoto.

Alipona. Aliongezewa damu chupa tatu, akarudi nyumbani, na yule mtoto sasa ameanza shule. Lakini ile 300 haikuniacha. Nilikuwa na miaka kumi na tano kazini. Sikuandika kwa uzembe. Nilitazama khanga, nikatazama beseni, nikakadiria kwa macho kama nilivyofundishwa na kama tulivyokuwa tunafanya sote. Nikaanza kujiuliza: akina mama wangapi nimewaandikia 300?

Mpaka usiku ule nilikuwa nasoma kwa ajili ya pointi. Leseni yetu haihuishwi bila pointi za mafunzo endelevu, basi muda ukikaribia nilikimbilia semina yoyote yenye cheti, hata kama mada yake haikugusa wodi ya wazazi. Sidharau semina. Nasema tu kwamba sikumbuki hata moja iliyobadilisha mikono yangu inavyofanya kazi. Swali lile la damu ndilo lililonifanya niende kutafuta mwenyewe, bila kutumwa.

Mwanafunzi mmoja wa udaktari aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo alinionyesha pa kuanzia: PubMed, orodha ya makala za kitabibu mtandaoni ambayo kila mtu anaweza kuifungua, na Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002, ambao huzipa taasisi za nchi kama yetu majarida ambayo kwingine hulipiwa. Kiingereza changu ni cha chuo cha uuguzi. Makala ya kwanza ilinichukua zamu tatu za usiku, kurasa saba tu, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la pamba. Nilinunua daftari kubwa. Upande wa kushoto naandika neno nisilolielewa, upande wa kulia naandika aya nzima kwa Kiswahili changu. Nikishindwa kuiandika kwa Kiswahili, najua sijaielewa, narudi.

Makala ile ilisema macho hudanganya, na kadiri damu inavyokuwa nyingi ndivyo tunavyoiandika pungufu zaidi. Sikutaka kuiamini hivi hivi. Alhamisi moja mchana, wodi ikiwa tulivu, nilichanganya maji na rangi nyekundu ya chakula, nikapima mililita 700 kwenye jagi, nikayamwaga juu ya khanga mbili na kitambaa kimoja, mengine yakatiririka kwenye mpira wa kitanda. Nikawaita wenzangu mmoja mmoja waandike makisio kwenye karatasi bila kuonana. Walikuwa sita. Nilipozifungua: 300, 250, 400, 350, 300, 500. Aliyeandika 500 alikuwa mhudumu wa afya, mama anayefua zile khanga kila asubuhi. Chumba kilikaa kimya. Muuguzi mmoja akasema taratibu, "Sista, basi tumekuwa tukikosea siku zote."

Baada ya hapo nikakutana na utafiti wa Kigoma uliochapishwa 2005, Dk. Godfrey Mbaruku akiwa miongoni mwa waandishi wake. Wakunga wa jadi walifundishwa kutumia khanga kama kipimo: mbili zikilowa, hiyo ni nusu lita, mama apewe misoprostoli, vidonge vya kukaza mfuko wa uzazi. Nilisimamisha kusoma. Kitambaa kile kile nilichokitupa kwenye ndoo bila kukihesabu, mtu hapa hapa Tanzania alikuwa ameshakigeuza chombo cha kuokolea maisha miaka kumi na minne kabla ya usiku wangu ule. Ilikuwa imeandikwa. Sikuwa nimeisoma.

Huyu huyu Mbaruku, pamoja na mwenzake Bergström, walishaeleza mwaka 1995 jinsi vifo vya uzazi katika hospitali ya Kigoma vilivyoshuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, kati ya 1984 na 1991, kwa hatua nyingi ndogo zisizo na gharama kubwa. Kila mkunga wa nchi hii angepaswa kusomeshwa makala ile chuoni.

Kuna kosa nililifanya njiani. Mwaka 2021 nilisoma muhtasari peke yake wa utafiti wa asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, ule wa 2017 wenye wanawake 20,060, nikaja kwenye kikao na furaha: dawa inapunguza vifo vya kutokwa damu, tuiagize. Mganga mfawidhi akaniuliza, "Mwisho wake saa ngapi baada ya kujifungua, Sista?" Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye majedwali, na jibu lilikuwa humo: faida ilionekana kwa waliopewa ndani ya saa tatu. Kwa kituo ambacho mama aliyejifungulia nyumbani anaweza kufika kwa bodaboda baada ya saa tano, hilo si jambo dogo. Tangu siku hiyo sileti makala kwa wenzangu kama sijasoma majedwali yake, na swali langu la kwanza ni: hawa walikuwa akina nani, na walifika wakiwa na hali gani?

Kwa hiyo utafiti wa E-MOTIVE ulipotoka Mei 2023, niliusoma kwa penseli. Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Chini ya mama liliwekwa shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya kupimia. Damu ikizidi, matibabu yote yanaanza kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipa, kuchunguza chanzo. Sisi tulikuwa tunafanya kimoja, tunangoja, tunafanya kingine. Kutokwa damu nyingi sana, upasuaji au kifo kwa sababu ya damu vilitokea kwa asilimia 1.6, badala ya 4.3 kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida. Na penye shuka la mistari, waliotokwa damu nyingi walitambuliwa asilimia 93. Kwenye zile nyingine, 51. Nusu. Niliiandika 51 kwenye daftari nikaizungushia duara.

Lakini zile zilikuwa hospitali. Kwetu hakuna chumba cha upasuaji wala damu ya akiba, na hatukuwa na yale mashuka. Tukaanza na tulichonacho: mzani wa dukani uliofunikwa nailoni, wa kazi hiyo tu. Khanga na pedi zinapimwa zikiwa kavu, zinapimwa zikilowa, gramu moja tunaihesabu mililita moja. Dawa zote za damu ziko kwenye boksi moja jekundu ukutani. Ikifika 500 na bado inatoka, mmoja anapiga simu ya gari huku wengine wanaendelea.

Alhamisi saa nane bado tunakutana, dakika arobaini, na wa kusoma ni zamu kwa zamu. Muuguzi mpya, miezi minne tu kazini, ameuliza oksitosini yetu inabaki na nguvu gani umeme ukikatika siku mbili na friji ikapata joto. Nimempa utafiti wa 2018 wa kabetosini isiyohitaji friji, dawa inayofanya kazi kama oksitosini, wanawake karibu 30,000 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo. Jana usiku nilimkuta leba, hakuna mama wa kujifungua, amefungua daftari langu kwenye ukurasa mtupu, upande wa kushoto ameshaandika maneno tisa.