Malipo ya Novemba Yaliyotangulia ya Machi

Leo asubuhi mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi wa chama cha akiba na mikopo ninachokihudumia, aliweka mezani taarifa ya akaunti yake pamoja na kijitabu chake, akapitisha kidole kwenye mistari na kuniuliza, "Mwanangu, mbona hapa nimelipa Novemba kabla ya Machi?" Nilimwomba radhi, nikamsihi arudi alasiri.

Taarifa hiyo hutokana na hoja mbili (maombi ya data) nilizoziunganisha mwenyewe kwa UNION ALL, amri ya kuunganisha matokeo, katika MySQL, programu ya hifadhidata: moja husoma jedwali la akiba, nyingine la marejesho ya mikopo. Nilikuwa nimeweka ORDER BY, amri ya kupanga mistari, ndani ya mabano ya kila hoja, nikiamini kwamba vipande viwili vilivyokwisha kupangwa vitabaki hivyo vikiunganishwa. Sivyo. MySQL huipuuza ORDER BY ya ndani ya mabano isipoandamana na LIMIT, amri ya kuweka kikomo cha idadi ya mistari, kwa kuwa matokeo ya UNION hayana mpangilio wowote wa uhakika mpaka uuombe mwishoni, nje ya mabano yote.

Nikaihamishia mwishoni, na kosa likabadilika sura: marejesho ya tarehe 1 hadi 20 ya kila mwezi yalipanda juu ya akiba zote, na ya tarehe 21 na kuendelea yakazama chini kabisa. Mpaka huo wa 20 na 21 ulinisumbua karibu saa nzima, hadi nilipofungua muundo wa majedwali. Akiba zina tarehe za aina ya DATE, lakini marejesho, yaliyohamishwa zamani kutoka kwenye lahajedwali, yamehifadhiwa kama maandishi yanayoanza na siku, mfano 03/11/2023. Yakiunganishwa, safuwima nzima hugeuka maandishi, tarehe za akiba zikianza na mwaka, mfano 2023-11-03, nayo hulinganishwa herufi kwa herufi, alama / ikitangulia tarakimu. Ndiyo maana 20/ hutangulia 2023, na 21/ huifuata.

Nimetumia STR_TO_DATE, inayogeuza maandishi kuwa tarehe, kwenye hoja ya marejesho, kisha nikaongeza namba ya muamala katika ORDER BY ili miamala ya siku moja isibadilishane nafasi.

Mama alirudi saa tisa, tukalinganisha karatasi mpya na kijitabu mstari kwa mstari, vikakubaliana. Kinachoniumiza ni kwamba safuwima ya salio hujumlishwa kwa kufuata mpangilio huohuo, kwa hiyo masalio ya katikati yalikuwa ya uongo kwa kila mwanachama mwenye mkopo. Kesho naanza kuzichapisha upya taarifa zao zote.