Baada ya Upasuaji wa Parkinson, Mke Naye Aulizwe Hali

Tangu mume wa shangazi yangu arejee Lamu kutoka India, alikofanyiwa upasuaji wa ubongo kwa ajili ya ugonjwa wa Parkinson, kila apitaye mbele ya baraza yao mtaani Langoni humpongeza kwa jinsi mikono yake ilivyotulia. Pongezi hizo anazistahili, kwa kuwa fundi wa kuchonga milango aliyekuwa hawezi kushika hata kikombe cha kahawa sasa ameishika tena patasi. Wanaomuuliza shangazi hali yake, hata hivyo, ni wachache mno.

Ugonjwa huu, ambao daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza mwaka 1817, hutokana na kufa kidogo kidogo kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza miondoko ya mwili. Katika upasuaji wenyewe, uliopata sura yake ya leo kuanzia mwaka 1987 kwa kazi ya Alim-Louis Benabid na wenzake huko Grenoble, Ufaransa, nyaya nyembamba hupenyezwa hadi ndani kabisa ya ubongo, kisha huunganishwa, kwa kupitia chini ya ngozi, na kifaa chenye betri kinachowekwa kifuani. Umeme wake hutuliza mtetemeko na kulegeza viungo vilivyokakamaa, lakini hauponyi ugonjwa wala hauuzuii kuendelea. Kuyumba wakati wa kutembea mara nyingi hubaki, na sauti huweza hata kufifia zaidi. Nguvu ya umeme hurekebishwa kwa miezi kadhaa, huku dawa zikipunguzwa, na kwa mkaaji wa kisiwa kila rekebisho lina maana ya kuvuka hadi gati ya Mokowe, bara, au uwanja wa ndege wa Manda na kuianza safari ndefu.

Kwa miaka mingi shangazi ndiye aliyemfunga mumewe vifungo vya kanzu, akamtolea samaki miiba, akazichunga saa za vidonge na kumgeuza kitandani usiku. Jamaa wanadhani kwamba sasa ametuliwa mzigo na hana budi kufurahi. Aliponiambia, "Mwanangu, usiku naamka kama kawaida, nikamkuta amejigeuza mwenyewe, nikakaa macho sijui nifanye nini," sikusikia kukosa shukrani hata kidogo. Nilimsikia mtu ambaye uangalizi ulikuwa umeshika nafasi ya mambo mengine yote ya ndoa yake, na ambaye hakuna aliyemwandaa kwa siku utakapokoma.

Mumewe naye ana haki yake. Anataka kwenda uwanja wa Mkunguni peke yake, akae na wenzake, alipe kahawa kwa mkono wake. Shangazi anazijua ngazi za nyumba yao zilivyosimama wima, na anajua kwamba miguu ya mumewe bado si ya kuaminika, kwa hiyo humfuata. Mume huona kwamba anafanywa mgonjwa hata baada ya kutibiwa. Sauti yake ikishuka, shangazi humwomba arudie, naye hudhani kwamba hasikilizwi. Ugomvi mwingi unaonekana kuwa wa tabia, kumbe umeanzia kwenye jambo ambalo mtaalamu wa mazoezi ya kuzungumza angelishughulikia.

Wao si wa kwanza. Mwaka 2006 madaktari wa Paris walichapisha habari za wagonjwa 29 waliofanyiwa upasuaji huu. Miili yao ilikuwa imepata nafuu kubwa, lakini katika ndoa 24, ndoa 17 zilikuwa zimeingia katika mgogoro. Ndiyo maana ushauri wa "subiri, mama," ambao wazee wetu humpa mke kwa nia njema, nauona haumtoshi. Waitwe wote wawili kabla ya upasuaji, waelezwe kipi kitabadilika na kipi hakitabadilika. Na baada yake, kila mmoja apewe nafasi ya kuzungumza na daktari akiwa peke yake, maana yapo mambo, ya chumbani hasa, ambayo mke wa hapa hatayataja mbele ya mumewe, wala mume mbele ya mkewe.

Nyumbani wameanza kurudishiana kazi kwa mapatano. Vifungo na vidonge sasa ni vya mume. Ngazi bado wanashuka pamoja. Shangazi amerudi kumtembelea dada yake Shela, na siku hizo kijana wa jirani huwa karibu na mume. Nililisisitiza hilo kuliko yote, kwa sababu mwanamke aliyeacha kutoka kwa ajili ya ugonjwa wa mumewe hatoki tena kwa kuambiwa tu kwamba yuko huru.

Yapo mabadiliko ambayo mapatano ya nyumbani hayawezi kuyatibu. Mtu aliyekuwa mchangamfu anaweza kukosa hamu ya kila kitu dawa zinapopunguzwa, na mwingine akawa na pupa, akatumia fedha ovyo au akakasirika upesi. Mara nyingi chanzo ni kipimo cha dawa au cha umeme, na kipimo hurekebishwa. Mgonjwa akikata tamaa au akitaja kutaka kufa, hasa katika mwaka wa kwanza, mwenzake asingoje tarehe ya kliniki wala asione haya ya kutoa siri ya nyumba: ampigie daktari siku hiyohiyo, na asimwache peke yake.