Sufuri nyingi kwenye simu ya mama vitumbua

Juzi mwanangu mkubwa kanikuta nahangaika na programu ya benki. Nimeweka namba ya siri, ikanitumia ujumbe wenye tarakimu, nikaziandika, ikataka na kidole. "Baba, kwani benki haikujui?" Nikamwambia inanijua sana, ila haitaki kuniamini, na aiombee iendelee hivyo hivyo. Akaona namtania. Mimi akili ilishafika Tanga, mwaka ule wa korona.

Wakati huo bado niko Chumbageni, na bado niko kwenye ile kampuni, jina msinitajishe. Mnakumbuka Machi 2020 shule zilivyofungwa. Wakubwa wetu nao wakaanza kukaa nyumbani kwa zamu, na ule mfumo wa kupangia bajeti, ambao siku zote ulifunguka ofisini tu, ukawekwa kwenye intaneti ili waufikie wakiwa Raskazone au Dar. Mwaka wetu wa fedha ulianza Julai kama wa serikali, kwa hiyo Juni ikiingia watu wa bajeti tulikuwa hatulali.

Jioni moja bosi akatupa linki kwenye kundi la WhatsApp: rasimu ya mwisho, ipitieni kabla ya asubuhi. Mimi nimekaa kwenye benchi la mama vitumbua, simu yangu mpya, haijawahi hata kuuona mfumo ule. Nikabonyeza nikingojea kile kidirisha cha jina na nywila. Hakikuja. Ukafunguka ukurasa mweupe wenye jedwali refu, miezi imejipanga Julai mpaka Juni, idara moja baada ya nyingine.

Nikadhani labda simu imebeba kumbukumbu kutoka ile ya zamani. Nikamwomba mama namba yake nikamrushia linki ile ile. Alikuwa ameshika kijiti cha kugeuzia. Akafuta vidole kwenye kanga, si vizuri sana, akaitoa simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, akabonyeza kabla sijamwelekeza. Na kwake ikafunguka.

"Mwanangu, hizi hesabu za nani? Mbona sufuri nyingi hivi?"

"Za kazini, mama."

"Ehee." Akaendelea kushusha kwa kidole, mafuta yakiacha mchirizi juu ya mishahara ya watu. Mimi nilikuwa bado naangalia juu ya ukurasa, kwenye mapato. Yeye akawa ameshafika chini. "Na hapa wameandika nafasi zinazofutwa. Stoo, tatu. Zinafutwaje, wanahamishwa?"

Sikujibu. Akaniangalia, akairudisha simu, akavigeuza vitumbua vyake maana vilishaanza kuungua upande mmoja. Nikamwomba nifute ule ujumbe, akanipa simu bila neno. Nikaondoka nikasahau na chenji.

Asubuhi kijana wetu wa TEHAMA hakuniamini mpaka alipofungua mwenyewe kwenye kompyuta ambayo haikuwa imeingia kwenye mfumo. Kisha akabadilisha tarakimu ya mwisho kwenye anwani ya ukurasa. Ikaja ripoti ya idara nyingine. Akabadilisha tena, ikaja nyingine. Hapo akaacha, akafunga mlango wa ofisi.

Alivyonieleza ni hivi. Ukurasa wa kuingilia ulikuwa unauliza nywila vizuri tu. Lakini ripoti za kuchapisha zilikuwa na njia yao, na kwenye njia hiyo seva haikumuuliza mtu yeyote yeye ni nani. Ilichukulia kwamba aliyefika pale ameshapita kote. "Getini askari ana bunduki," alisema, "mlango wa jikoni umeegeshwa." Ofisini hakuna aliyegundua, kwa sababu kila aliyefika kwenye ripoti zile alikuwa ameshaingia kihalali. Ilibidi mfumo utolewe nje ndipo ionekane. Watu wengi wakisikia udukuzi wanafikiria mtoto fulani mwenye akili amevunja nywila. Pale hakuna kilichovunjwa. Hakuna aliyeulizwa kitu.

"Wewe umefungua linki uliyopewa," akaniambia. "Mimi niliyebadilisha namba ndiye mwenye kesi." Alikuwa anaizungumzia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo bila ruhusa. Alisema kwa utani, lakini barua ya kuripoti aliiandika bila kutaja kwamba namba zilibadilishwa na nani.

Mengine yalikwenda haraka. Mfumo ukarudishwa ndani, wakubwa wakalalamika kwamba tunawakwamisha. Wenye programu, wako nje ya nchi hao, walijibu kwanza kwamba ripoti zimekusudiwa kusomeka kwa urahisi. Baadaye wakaleta kiraka bila kueleza kinaziba nini. Julai hiyo hiyo yule kijana akanitumia habari za SAP, kampuni kubwa ya Kijerumani ya programu za biashara: wataalamu wa Onapsis, kampuni ya usalama wa mifumo, walikuwa wamegundua tundu walilolipa jina RECON, namba yake kwenye orodha ya kimataifa ya matundu ni CVE-2020-6287, ambalo lingemwezesha mtu asiye na akaunti yoyote kujitengenezea akaunti ya msimamizi. Sababu ilikuwa ile ile, sehemu moja ya mfumo haikuangalia anayeomba ni nani. Kwenye CVSS, kipimo cha ukali wa matundu ambacho mwisho wake ni 10, lilipewa 10. "Kumbe na wakubwa!" aliandika, na vikatuni vya kucheka.

Utawala ulikuja na swali moja tu: nani mwingine ameona? Kwa nini mishahara yetu ilikuwa wazi, hilo halikuulizwa kikaoni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuwa bado haijatungwa, ilikuja 2022. Nikawaambia yupo mmoja, lakini hana haja na bajeti yetu. Nikapewa hati ya kutunza siri, nikasaini.

Wiki ile ile mzee wa stoo akanifuata na mfuko wa machungwa ya Muheza, kama kawaida yake. Shikamoo, marahaba, za nyumbani. Halafu: "Mwanangu, wewe mtu wa hesabu. SACCOS wananipa mkopo nimalizie bati. Nichukue sasa hivi au?"

Nikamenya chungwa pole pole kuliko linavyohitaji.

"Subiri kidogo, mzee. Mwaka wa bajeti uanze kwanza."

Akanitazama. Akasema haya, akaenda zake. Mkopo hakuchukua. Barua yake ilitoka Agosti, pamoja na wenzake wawili, na siku ya kuaga alinishika mkono muda mrefu kuliko wengine, sijui kwa shukrani au kwa kunisuta kwamba ningeweza kusema zaidi.

Ile hati inakataza kutoa taarifa yoyote niliyoiona kwenye mfumo. Niliwahi kumuuliza rafiki yangu mwanasheria kama "subiri kidogo" ni taarifa. Akacheka, akasema inategemea nani anashtaki. Nikamuuliza tena, safari hii kama kampuni nayo ingeweza kushtakiwa kwa kuziacha ripoti wazi. Hiyo, akasema, nimlipe kwanza.