Tani Tano Juu ya Njia ya Wapakiaji Sabuni

Mwaka 2011, mwaka ule wa mgao mkali wa umeme, nilikuwa injinia wa matengenezo katika kiwanda kimoja cha mafuta ya kupikia na sabuni jijini Dar es Salaam, upande wa Kurasini. Uongozi uliamua kuongeza tangi la mafuta ghafi ya mawese. Uwanja ulikuwa umejaa, na nafasi pekee iliyobaki ilikuwa chini ya lupu ya bomba kuu la mvuke. Lupu ni ule mkunjo mkubwa wa umbo la U unaouona kwenye mabomba ya viwandani, unaowafanya wageni waulize kwa nini bomba limezungushwa bure wakati lingeweza kunyooka. Halikuzungushwa bure hata kidogo.

Bomba lenyewe lilikuwa la inchi 8. Lilitoka nyumba ya boila, likapita juu ya nguzo za chuma kwa mita 60, likapiga kona ya mraba na kwenda mita 6 za mwisho kwa usawa uleule kuingia jengo la sabuni. Mvuke ulikuwa wa presha ya baa 10, na kwa presha hiyo joto lake ni nyuzi 184. Jumatatu alfajiri, kabla boila halijawashwa, chuma kile kilikuwa na nyuzi 30 tu kama hewa ya nje. Kila mita ya chuma cha kawaida hurefuka karibu milimita 1.2 kwa kila nyuzi 100 zinazoongezeka. Piga hesabu kwa mita 60 na nyuzi 154: bomba linarefuka milimita 111, kila linapopata moto, na linarudi kila linapopoa. Ukilizuia pande zote mbili, nguvu kwenye karatasi inafika kama tani 200, ingawa bomba litakuwa limejipinda na kung'oa nguzo kabla ya kufika huko. Kwa miaka yote hiyo lupu ndiyo iliyokuwa ikimeza milimita hizo kimyakimya.

Mkandarasi wa tangi alileta profoma yenye mstari mmoja: belosi inchi 8, za flanji, idadi 2. Hakuna presha, hakuna joto, hakuna milimita.

"Dada injinia, hizi zinanyumbuka," aliniambia huku akinionyesha picha kwenye katalogi. "Tunakata lupu, tunaweka hizi mbili kwenye mstari ulionyooka, wiki moja kazi imeisha. Wewe tusainie tu."

Sikusaini. Nilimwomba siku chache, na meneja wa kiwanda akanipa, japo uso wake ulisema hakupenda.

Belosi ni bomba fupi la chuma chembamba cha pua lililokunjwakunjwa ili liweze kujikusanya na kujinyoosha. Watu wengi, mafundi wazuri kabisa wakiwemo, wanaamini kuwa kwa sababu ni laini basi inapunguza nguvu kwenye bomba. Inapunguza ile ya mtanuko, ndiyo. Lakini inaleta nyingine ambayo haikuwepo. Mtazame mpiga akodiani wa taarab: upepo ukijaa ndani ya mikunjo, unaisukuma mikono yake yote miwili kwenda nje, na asipoishika sanduku linafunguka lenyewe. Mvuke wa baa 10 unafanya hivyohivyo. Bomba lililo zima hubeba msukumo huo katika ukuta wake, kutoka mwisho hadi mwisho, wala huoni chochote. Ukilikata na kutia belosi, ukuta ule haupo tena. Mikunjo ya belosi ya inchi 8 ina kipenyo cha wastani cha sentimita 25 hivi, eneo lake linakaribia sentimita 490 za mraba, na kila sentimita inasukumwa na kilo 10. Ni tani 5. Siku ya kulijaribu bomba kwa maji, kwa presha mara moja na nusu, zinakuwa tani 7 na nusu.

Nilitoka ofisini nikaenda kuziangalia nguzo. Zilikuwa na urefu wa mita 5, nyembamba, kila moja imefungwa kwa bolti nne kwenye kitako cha zege kidogo. Aliyezijenga alikuwa na haki yake, maana lupu haidai mengi, na kazi ya nguzo ilikuwa kubeba uzito wa bomba na kuliacha liteleze. Kuisukuma nguzo kama ile kwa tani 5 kwenye kichwa chake ni kuiangusha. Na chini yake palikuwa na njia. Wapakiaji wa sabuni, wengi wao akina mama, walipita pale kila siku saa nne kwenda kunywa chai, na wakarudi wakipiga soga. Nilisimama pale hadi wakapita. Sikuhitaji hesabu nyingine yoyote ya kunishawishi.

Kikao kilifanyika Ijumaa. Nilichora ubaoni bomba, belosi mbili na mishale. Kwanza nikaeleza kwamba belosi mbili kwenye mstari mmoja bila nanga, yaani kizuizi kinacholishika bomba lisisogee, katikati yake ni kosa hata kabla ya kufika kwenye nguzo, kwa sababu belosi hazifanani kwa asilimia mia. Ile iliyo laini zaidi itameza karibu mtanuko wote, itachoka mapema, na mwenzake atakaa tu. Halafu nikafika kwenye tani 5. Mkandarasi akasema amezifunga belosi za namna hiyo kwenye viwanda kadhaa na hakuna iliyowahi kuruka.

Hapo nikawasimulia Flixborough, Uingereza. Kiwanda kile cha kemikali kilikuwa na matangi sita ya kuchanganyia yaliyounganishwa kwa belosi. Machi 1974 tangi la tano likakutwa na ufa, likaondolewa, na ili uzalishaji uendelee wakaunganisha la nne na la sita kwa bomba la muda la inchi 20 lenye mpindo, lililowekwa kati ya belosi mbili na kuegemezwa kwenye vyuma vya jukwaa la mafundi. Mchoro wake pekee ulikuwa wa chaki kwenye sakafu ya karakana. Hakuna aliyepiga hesabu ya msukumo wa presha kwenye zile belosi mbili ambazo hazikuwa kwenye mstari mmoja. Bomba lilifanya kazi kwa miezi miwili, na bila shaka wapo waliosema halijaruka. Tarehe 1 Juni 1974 likaachia, mvuke wa saikloheksani ukatoka na kulipuka, watu 28 wakafa. Ilikuwa Jumamosi. Ingekuwa siku ya kazi ya katikati ya wiki, idadi ingekuwa kubwa mno.

Chumba kilinyamaza. Meneja akauliza, "Sasa wewe unataka nini?"

Swali zuri, na nilikuwa nimelala nalo. Cha kwanza ambacho mtu anapaswa kujiuliza ni kama anahitaji belosi kweli. Kona ya bomba nayo hunyumbuka, na ningefurahi kuiachia kona yetu kazi yote bila kununua kitu. Lakini kwa inchi 8 na milimita 111, mguu wa pili wa kona ulihitaji zaidi ya mita 10, sisi tulikuwa na 6. Kuhamisha lupu kulishindikana, kwani upande mmoja ni njia ya malori na upande wa pili ni ukuta wa jirani.

Ningeweza kukubali belosi za kusukumwa moja kwa moja, kwa sharti la kujenga nanga kubwa mwanzoni, katikati na mwishoni, pamoja na vielekezi vya kulizuia bomba lisiyumbe: cha kwanza kisizidi umbali wa vipenyo 4 kutoka kwenye belosi, cha pili vipenyo 14 mbele yake. Hiyo ni kanuni ya chama cha watengenezaji wa viungo hivi cha Marekani, na kwa bomba letu ilimaanisha sentimita 88, kisha mita 3. Lakini pale uwanjani ukichimba kidogo tu unakuta maji. Misingi ya zege ya kubeba tani 5 hadi 7 na nusu kwenye kichwa cha nguzo ya mita 5 ingekula fedha kuliko bomba lenyewe. Zipo pia belosi zinazojisawazisha presha, lakini bei yake na miezi ya kuzisubiri vilitutoa mbio.

Nilichagua belosi za bawaba, tatu. Kila moja ina mikono ya chuma kinene pembeni na pini katikati, kama mlango. Haiwezi kurefuka wala kufupika, inapinda tu. Zile tani 5 zinapita kwenye mikono na pini, hazifiki kwenye nguzo kabisa. Mbili tukaziweka kwenye mguu wa mita 6, zikiachana mita 3, na ya tatu kwenye mguu mrefu karibu na kona. Bomba refu likijisukuma mbele milimita 111, kile kipande cha mita 3 kinainama kama nguzo ya hema. Pembe yake ni digrii 2 na ushei. Tukilifunga bomba likiwa limevutwa nusu ya safari kabla ya kupata moto, inabaki digrii moja huku na digrii moja kule. Hapa ndipo moyo wangu ulipofurahi, maana balaa lote lile lilikuwa limegeuka kuwa digrii moja.

Digrii hizo zilikuwa na maana kubwa kwa sababu ya mgao. Katalogi ya mkandarasi ilitaja uhai wa safari 1,000 kamili za moto na baridi. Kiwanda kinachozima boila Jumapili tu kina safari 52 kwa mwaka, utadhani una miaka ishirini mbele yako. Nilikwenda kwa mwendesha boila nikaomba daftari la zamu. Umeme ulikuwa ukikatika, boila linazimika, bomba linapoa, kisha linawashwa tena, mara tatu kwa wiki na zaidi. Kwa mwendo huo safari 1,000 hazifiki miaka saba. Belosi ikipindishwa kidogo kuliko uwezo wake huishi mara nyingi zaidi, na hiyo ndiyo akiba niliyoitaka.

Kuhusu chuma chenyewe, aliyenisaidia ni welda wetu mkongwe.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unataka belosi. Usiniletee zile za chuma cha pua cha kawaida. Hapa chumvi inakaa kwenye lagini."

Alikuwa na haki. Upepo wa bahari unaleta chumvi, mvua inaipenyeza kwenye lagini, lile vazi la kulihifadhi bomba joto, na chini yake kuna chuma chembamba cha milimita moja hivi kilicho moto. Chuma cha pua cha aina ya 304 au 321, kikivutwa na kuguswa na kloridi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60, hupasuka nyufa kama nywele bila hata kutoa kutu ya kukuonya. Hata 316 haitoshi. Mzee hakuwa na majina ya hayo yote, lakini alikuwa ameziona nyufa kwa macho yake. Tukaagiza mikunjo ya aloi 625, yenye nikeli nyingi. Mhasibu aliguna, meneja akasaini.

Zilipofika, kila moja ilikuwa na vyuma vya njano vya kuishikilia wakati wa safari, na mshale wa mwelekeo wa mvuke kwa sababu ndani yake mna ala ya kuikinga mikunjo. Mzee hakuruhusu mtu yeyote kuchomelea karibu kabla ya kuifunika mikunjo kwa kitambaa kilicholoweshwa. Cheche moja ikitua kwenye chuma cha milimita moja, huo ndio mwanzo wa ufa. Mimi nilisimamia pini: zote tatu lazima ziwe wima, sambamba, ili bomba lipinde kwenye ulalo mmoja. Moja tuliifungua tukaifunga upya. Kabla ya jaribio la maji vyuma vya njano vikatolewa, na nikavihesabu mwenyewe vikiwa chini.

Siku ya kupeleka mvuke, Mzee alichora alama za chaki kwenye viti vya bomba. Valvu ikafunguliwa robo ya mzunguko, maji yakatolewa chini hadi yakaisha, ikafunguliwa tena kidogo. Kile kipande cha mita 3 kilianza kimeinama kuelekea boila, kikanyooka polepole, kikapita katikati, kikainama upande wa pili. Presha ilipofika baa 10 tulipanda ngazi na futi ya chuma. Milimita 109 kutoka kwenye alama ya chaki. Nguzo hazikutikisika. Saa nne akina mama wa sabuni walipita chini kwenda kwenye chai yao.

Mkandarasi alibaki chini akitazama kwa muda mrefu, kisha akaniomba nakala ya hesabu. Nilimpa zote, na michoro. Jumatatu iliyofuata nilikaa na mtu wa stoo tukabadilisha fomu ya kuagizia viungo vya mtanuko. Kipenyo na urefu vilikuwepo tayari. Tukaongeza presha ya kazi na ya jaribio, joto la chini na la juu, mtanuko kwa milimita na upande unaoelekea, idadi ya safari kwa mwaka, kinachopita ndani na kinachogusa nje. Mstari wa mwisho nikauandika kwa mkono wangu: nanga ziko wapi, na kila moja inabeba tani ngapi. Fomu yoyote iliyokuja na mstari huo mtupu, mtu wa stoo aliirudisha.